Presha ya Bi Mkubwa

Mama mkwe wangu alikuja Houston kulea uzazi, akitokea Tanga na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na binzari, iliki, pilipili manga, kungumanga, mbuzi ya kukunia nazi, khanga za kumfunga mwanawe tumbo, na mfuko wa nailoni wenye vidonge vya presha vya kumtosha muda wote wa safari, kwa hesabu ya tiketi. Kilichobadilika ni tiketi. Siku za kuondoka zilipokaribia, Bi Mkubwa alimtazama mjukuu wake, ambaye kwa utani wa mabibi wote wa kwetu humwita "mume wangu", akatangaza kwamba hamwachi mume ambaye hata kukaa kitako hajajua. Shemeji yangu akaingia kwenye simu, akasogeza mbele tarehe ya ndege, akalipa faini. Nyumba nzima ilifurahi. Habari ya vidonge haikuulizwa na mtu.

Mwenyewe alijua vinakwisha. Lakini Bi Mkubwa ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huko mwanamke mwenye haya hamwambii mkwewe habari za mwili wake. Mkwe husalimiwa, huulizwa kazi, hupewa chai kwenye kikombe kisicho na ufa, basi. Kumweleza binti yake nako aliona ni kumbebesha mzazi mzigo kabla hajapata nguvu. Akaanza kubana: leo kidonge, kesho hakuna; halafu leo nusu, keshokutwa nusu. Hata alasiri moja mke wangu akamkuta jikoni ameketi juu ya mbuzi, kizio cha nazi mkononi, kitambaa amekikaza kichwani, wala hakuni.

Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo kipimo cha presha kwetu kinakaa kabatini pamoja na sukari. Kilisoma 194 kwa 108.

"Mama, vidonge viko wapi?"

"Vimekwisha."

"Tangu lini?"

"Si zamani."

Kwa Tanga jambo hili lingekwisha kabla chai haijapoa. Sheria ya nyumbani nayo inataka cheti cha daktari, lakini muuza dawa wa mtaani anamjua Bi Mkubwa, anajua kliniki yake iko hospitali ya Bombo, anajua hata watoto wake wangapi. Mtoto angetumwa na pakiti tupu, akarudi na pakiti iliyojaa na chenji. Basi shemeji naye alitumwa hivyo hivyo, na pakiti tupu mfukoni, kwenye duka la dawa lililo ndani ya dukakuu la karibu.

Mfamasia alikuwa mtu mwema. Aliisoma pakiti: amlodipine, miligramu tano. Akasema anayo tele, na kwamba dawa ya mwezi mzima ni dola chache tu. Akasema vilevile kwamba bila cheti cha daktari mwenye leseni hawezi kuuza hata kidonge kimoja. Shemeji akamweleza habari za Bombo. Mfamasia akamsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia pakiti yake.

Mke wangu akashika simu, mtoto begani, simu ikiwa kwenye spika. Kila kliniki aliyoipigia ilianza na sauti ileile ya mashine: ikiwa hii ni dharura, kata simu, piga 911.

"Wanasemaje?" Bi Mkubwa akauliza kutoka kwenye kochi.

"Wanasema kama ni dharura tukate simu."

"Si ukate."

Baada ya mashine alikuja mtu, na mtu aliuliza bima. Bima ilikuwapo: shemeji aliinunua pamoja na tiketi, bima ya safari, yenye karatasi nyingi, na katika karatasi mojawapo imeandikwa kwamba hailipii maradhi aliyokuwa nayo msafiri kabla ya kuondoka kwao. Presha ya Bi Mkubwa ni ya tangu enzi za Mwinyi. Tukasema basi tutalipa taslimu. Mtu wa mapokezi akafungua kalenda yake: kwa mgonjwa mpya nafasi ya kwanza ni baada ya wiki tano. Bi Mkubwa alichekeshwa sana na kuitwa mgonjwa mpya. Mke wangu akataja 194 kwa 108 na kichwa kinachogonga. Hapo sauti ya upande wa pili ikabadilika, ikawa ya haraka: "Kama ni hivyo, mpelekeni imajensi." Kliniki iliyofuata ikasema hivyo hivyo. Iliyofuata haikungoja hata namba ya pili.

Watu husemwa kwamba wanajazana imajensi kwa mafua na malengelenge, kwamba hawana subira, hawaelewi. Sisi tulielekezwa, na waliotuelekeza ni watumishi wa kliniki.

Hapa ndipo alipoingia Mama wa Juu. Tunamwita hivyo kwa kuwa anakaa ghorofa iliyo juu yetu, na dari za majengo haya ya kusini-magharibi mwa Houston hazifichi siri. Ni mwenyeji wa Bukavu. Alikaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Texas na watoto wake, na sasa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya mjini. Alishuka na ndara, akamsalimu Bi Mkubwa kwa mikono miwili, akatoa hukumu: twende hospitali kubwa, twende usiku, na tusiende Jumatatu.

"Kwa nini si Jumatatu?" nikauliza.

"Papa, Jumatatu wote wanakuja. Wenye waliugua Jumamosi, wenye waliugua Jumapili, na wenye hawapendi kazi."

Shemeji hakumwacha amalize. Shemeji analala sebuleni kwetu na anasomea afya ya jamii chuoni, kwa hiyo nyumbani mwetu hakuna kikohozi kisicho na takwimu. Akasema hospitali kubwa ni kukaa mpaka alfajiri, na mwanamke wa umri ule hawezi kukeshwa kwenye viti vya plastiki. Yeye anajua mahali pazuri zaidi, dakika sita kwa gari, hapana foleni, pana kahawa. Akachukua ufunguo. Bi Mkubwa, ambaye tangu zamani ana udhaifu na kitinda mimba wake, akavaa buibui.

Mahali penyewe kila mkazi wa Texas anapajua kwa sura. Pako kwenye safu ya maduka, upande huu wapaka rangi kucha, upande huu wauza kuku, na juu ya mlango maandishi mekundu ya dharura yanayowaka usiku kucha. Ukipaona utadhani ni zahanati iliyopata mfadhili. Jimbo hili lilipitisha mwaka 2009 sheria ya kuzipa leseni idara za dharura zinazosimama peke yake, mbali na hospitali yoyote, nazo zikaota kwenye maegesho ya maduka, hasa mitaa yenye watu wenye bima nzuri. Ndani ni idara ya dharura kamili: daktari saa ishirini na nne, maabara, picha za eksirei. Na bei ni za idara ya dharura, si za zahanati. Sheria inawataka wabandike tangazo linalosema hivyo, na wamelibandika. Shemeji alilipita akiwa amemshikia mama yake mlango, kwa adabu aliyolelewa nayo.

Walirudi kabla ya Isha. Bi Mkubwa alikuwa amefunikwa blanketi lililopashwa moto, amepimwa umeme wa moyo, ametolewa damu, amepewa kidonge kimoja na cheti cha vidonge thelathini. Muuguzi alimwita mrembo. Shemeji aliingia kifua mbele, na kwa muda fulani nyumbani mwetu paja la kuku lilikuwa lake bila mjadala. Mama wa Juu aliposikia hakusema kitu ila "Mm."

Bili ilikuja kwa jina la Bi Mkubwa, kwa anwani yetu. Ilizidi dola elfu mbili.

Bi Mkubwa akaomba ahesabiwe kwa shilingi. Shemeji alikataa katakata. Mke wangu akahesabu: zaidi ya milioni tano.

"Kwa kidonge kimoja?"

"Na vipimo, mama."

"Hiyo ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake," Bi Mkubwa alisema, na kuanzia jioni ile paja la kuku likarudi kwenye ushindani.

Shemeji alijitetea kwa njia aijuayo, yaani mhadhara, wakati wa chakula. Alianzia mbali. Zamani, alisema, hospitali za binafsi za Marekani zilikuwa zikiletewa mgonjwa asiye na pesa zinampakia kwenye gari na kumpeleka hospitali ya umma, hata kama anavuja damu. Madaktari wa hospitali ya umma ya Cook County, Chicago, wakawafuatilia wagonjwa 467 waliotupiwa namna hiyo, wakaona asilimia 87 yao sababu iliyotajwa ilikuwa kukosa bima. Wakachapisha mwaka 1986, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria, Rais Reagan akaitia saini: hospitali yoyote yenye idara ya dharura inayopokea pesa za Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, lazima imchunguze kila anayeingia na kumtuliza hali yake, bila kwanza kuuliza mfuko wake.

"Sasa mbona wanadai?" Bi Mkubwa akauliza.

"Sheria imesema watibu kwanza. Haikusema bure."

"Na kliniki?"

Kliniki haimo, alisema shemeji. Kliniki inaweza kukwambia rudi ukiwa na kadi. Mtu asiye na bima, akizunguka nchi yote hii, haki yake ya kuonwa na daktari iko imajensi peke yake. Ukiacha wafungwa, akaongeza, maana wao Mahakama ya Juu iliwapa haki yao ya matibabu mwaka 1976, tena katika kesi iliyotoka hapahapa Texas.

"Kumbe tungekufungisha wewe," alisema Bi Mkubwa.

Hakuishia hapo, kwa sababu alikuwa hajajisafisha. Akatusomea habari za Oregon. Mwaka 2008 jimbo lile lilikuwa na nafasi chache za bima ya serikali kwa watu maskini na waombaji wengi, likapiga bahati nasibu. Watafiti wakapata bahati yao pia: waliopata bima na waliokosa walikuwa watu wa namna moja, waliotenganishwa na kura tu. Kila mtu alitaraji kwamba wenye bima watahama imajensi waende kliniki. Matokeo yalichapishwa 2014: waliopata bima walikwenda imajensi zaidi, kama kwa asilimia 40. Shemeji alilitaja hili kama ushahidi wake, sijui ushahidi wa nini, labda kwamba hata waliosoma hushangazwa. Bi Mkubwa hakushangaa. Alikuwa akimenya chungwa.

"Wamepewa pa kulipia. Hawajapewa daktari."

Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akaandika kitu kwenye simu yake.

Bili aliishughulikia Bi Mkubwa kwa mdomo wa shemeji. Alimketisha kando yake, akamfundisha wanavyofanya wanawake kule Tanga pale soko la Mgandini: usitaje bei kwanza, uliza kila kitu peke yake, sikitika. Shemeji akawapigia, akaomba mchanganuo wa kila kipimo, akasikitika kwa Kiingereza. Ikashuka karibu nusu, kwa malipo ya kila mwezi, naye ndiye anayelipa.

Sasa, cheti kilikuwa cha vidonge thelathini, na vidonge thelathini vina mwisho. Mume alikuwa ameshajua kukaa lakini alikuwa bado hajatambaa. Safari hii uongozi wa msafara ulihamia ghorofa ya juu.

Mama wa Juu hujiandaa kwa imajensi jinsi bibi zetu walivyojiandaa kwa treni ya reli ya kati. Chupa ya chai. Chapati kwenye karatasi ya fedha. Blanketi, kwa kuwa viyoyozi vya hospitali za Texas havina huruma. Soksi za Bi Mkubwa. Waya wa kuchajia simu, mrefu, sababu matundu ya umeme yako mbali na viti. Vyeti vyote vya zamani kwenye bahasha. Tulitoka baada ya Isha, siku ya Jumatano. Mlinzi wa mlangoni, bonge la mtu, alimwona Mama wa Juu akamwuliza watoto hawajambo.

Kwenye dawati la kuwapanga wagonjwa hupewi namba kwa kuwahi, unapewa kwa uzito. Ngazi ni tano. Ya kwanza ni ya anayekata roho, ya tano ni ya anayehitaji karatasi tu. Bi Mkubwa alipewa ya tatu, kwa ajili ya kichwa kilichorudi kugonga na presha iliyopanda tena. Akataka kujua walio namba moja ni kina nani. Nilipomwambia, aliridhika na tatu yake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonitoa jasho. Muuguzi aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikizungumza Kiingereza, maswali ya kumwuliza mama mkwe. Anaumwa kifua? Hilo nililiweza. Anaona ukungu machoni? Hilo pia. Kisha akauliza usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Kisha, anapata choo vizuri?

Niliangalia bango la kuosha mikono. Lina hatua saba, nazisoma mpaka leo. Bi Mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la nne lakini masikio yake si ya darasa la nne, alijivuta khanga akageukia ukuta wa pili. Nikamwambia muuguzi, "Yuko sawa."

"Hujamwuliza," alisema muuguzi.

"Mama," nikaanza, na sauti ikanikatika. "Mama, wanauliza kama... mambo yote yanakwenda."

"Yapi?"

"Yote."

"Yanakwenda, baba."

Muuguzi akanitazama, akamtazama yeye, akatoka. Alirudi akisukuma skrini yenye magurudumu, na ndani ya skrini mna dada mmoja mwenye vipokea sauti masikioni, anayesema Kiswahili. Hospitali inatakiwa kisheria kumpa mgonjwa mkalimani, bila malipo, na haipendezwi na ndugu kufanya kazi hiyo, kwa sababu ambazo mimi na Bi Mkubwa tungeweza kuzieleza kwenye mkutano wa kimataifa. Nilitoka pale kwa hatua za mtu aliyesamehewa deni. Nyuma yangu nilimsikia Bi Mkubwa akimwuliza yule dada kwao wapi, na dada akimjibu, na choo kikizungumzwa kwa mapana.

Tukakaa. Saa za imajensi si saa za duniani. Mama wa Juu alimimina chai na kunionyesha watu, mmoja mmoja, kwa kidevu. Kijana yule mwenye shavu lililovimba ni jino. Watampa dawa ya maumivu, watamwambia akamwone daktari wa meno, na hana pesa ya daktari wa meno, kwa hiyo atarudi. Mama yule mtoto wake sikio. Mzee yule wa kona, mwenye kofia ya ng'ombe, alikuwa amefumba macho.

"Huyu figo," alisema Mama wa Juu. "Anangoja damu yake iharibike vya kutosha."

Nilidhani ni lugha. Shemeji alinithibitishia baadaye, na hapo hakuwa na haja ya kujitetea. Mhamiaji asiye na karatasi ambaye figo zimekufa anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Katika Texas, kwa kawaida hakuna bima itakayomlipia ratiba hiyo. Kinacholipiwa ni dharura. Basi huja imajensi, hupimwa, na kama potasiamu haijapanda kufikia pa kutisha, huenda akaambiwa arudi kesho, akiwa mgonjwa zaidi. Wengine wanaishi hivyo kwa miaka. Katika chumba kile chote, mtu aliyekuwa akitumia imajensi kwa matibabu ya kawaida kabisa, ya ratiba, alikuwa yeye, na ndiye aliyekatazwa kuwa na ratiba. Sikuweza kumtazama tena.

Nikamwuliza Mama wa Juu kama hajui zile kliniki za jamii, za bei nafuu. Anazijua. Alikuwa na orodha yake kwenye bahasha, imekunjwa mara nne. Alipoletwa Texas alipewa bima ya wakimbizi, ikadumu miezi michache. Watoto wamebaki na ya kwao. Yeye hana: jimbo hili limekataa kupanua bima ya maskini tangu Mahakama ya Juu iliporuhusu majimbo kukataa mwaka 2012, na mzazi anayepata hata dola mia chache kwa mwezi anahesabiwa kuwa amejiweza. Ndiyo maana Texas inaongoza Marekani kwa watu wasio na bima, kama mmoja kati ya kila sita.

"Lakini kliniki si wanakukata kidogo?"

"Wanakata kidogo. Wanafungua saa mbili asubuhi, wanafunga saa kumi na moja. Na miye saa hizo niko wapi?"

Yuko hotelini, anakunja mashuka. Zamu ukiikosa hulipwi, na ukiikosa mara mbili wanakutazama kwa jicho lingine. Miadi ukiipata ni ya mwezi ujao, na ratiba ya zamu za mwezi ujao haijatoka. Basi ni mawili.

"Papa, imajensi inakula usingizi wangu. Kliniki inakula mshahara. Usingizi nitalala Mungu akipenda."

Alikuwa na jambo jingine, nalo alilisema akimgawia Bi Mkubwa chapati. Kule Nyarugusu, mtoto akichemka, unambeba unaenda kituo cha afya, unakaa kwenye benchi, na siku hiyohiyo mtu atamgusa. Utangoja sana, lakini utaguswa. Amefika Amerika, ametafuta benchi la namna hiyo. Ameonyeshwa simu, mtandao, fomu, miadi. Benchi alilikuta hapa tu.

Bi Mkubwa alikubali kwa kichwa. Zahanati zote alizozijua maishani mwake zilikuwa na benchi.

Shemeji, aliyekuwa nyumbani na dada yake, hakuacha kunitumia ujumbe. Mmoja nimeuhifadhi. Ulihusu utafiti wa 2013, watu waliochambua safari za Wamarekani kwenda imajensi. Ukitazama ugonjwa uliogunduliwa mwishoni, kama safari 6 tu katika 100 ndizo ambazo daktari wa kawaida angezimaliza. Lakini ukitazama maneno waliyoingia nayo wale sita, kifua, tumbo, kichwa, ni maneno yaleyale waliyoingia nayo karibu tisa kati ya kila kumi ya watu wote. Nikatazama chumba. Vichwa vilivyokuwa vikiuma mle vilikuwa vingi, na mwenye kichwa hapewi jibu mlangoni. Jibu ndilo alilolifuata.

Daktari alikuja wakati wa daku. Kijana, viatu vya kukimbilia, macho mekundu. Alikuwa amesoma vipimo: moyo salama, figo salama, kichwa ni presha na kukosa dawa. Alisema kwa upole, kupitia skrini, kwamba presha ya namna hii isipoharibu kiungo si dharura, ni jambo la kufuatiliwa taratibu. Akaandika cheti cha miezi mitatu badala ya mmoja, Mungu amjaze kheri. Kisha akasema ile sentensi iliyo chini ya kila karatasi ya kuruhusiwa kutoka imajensi: amwone daktari wake ndani ya siku tatu.

"Daktari wangu yuko Bombo," alisema Bi Mkubwa.

Skrini ikatafsiri. Daktari akauliza Bombo ni mtaa gani.

Mama wa ustawi wa jamii alitupa orodha ya kliniki za jamii, ileile iliyokuwa kwenye bahasha ya Mama wa Juu, ila mpya. Shemeji alipoiona asubuhi alifurahi, maana alikuwa na hadithi yake. Kliniki hizi zilianzia Boston mwaka 1965, kisha mji mdogo wa Mound Bayou, Mississippi, na daktari mmoja wa walioanzisha, Jack Geiger, wazo alilitoa Afrika: aliliona Pholela, Natal, miaka ya 1950, alipokuwa bado mwanafunzi. Kule Mississippi aliwaandikia watoto wenye utapiamlo cheti cha chakula, nacho kikalipiwa kutoka bajeti ya dawa. Bi Mkubwa alimpenda Geiger papo hapo. Akataka aandikishwe kwenye kliniki yake.

Mke wangu akapiga simu. Hawakuuliza bima, hawakuuliza karatasi za uhamiaji, waliuliza kipato, na bei waliyotaja ilikuwa ya kibinadamu. Miadi ikapatikana. Aliandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, akaitazama, kisha akaenda kuangalia tiketi. Ilikuwa wiki mbili baada ya Bi Mkubwa kurudi Tanga.

"Nafasi haitupwi," alisema Bi Mkubwa. "Ataenda mkwe."

Mimi naendesha gari, nabeba abiria wa programu ya simu, na bima ya kazini kwa mke wangu inamtosha yeye na mtoto. Kuniongeza mimi ni kama kodi ya nyumba ya pili. Daktari sina. Nikasema mimi mzima. Mke wangu akawauliza kliniki kama nafasi inaweza kubadilishwa jina. Haiwezi. Mimi ni mgonjwa mpya, nina foleni yangu.

"Basi apimwe hapahapa."

Kipimo kikatolewa kabatini. Shemeji akanifunga mkono kwa madaha ya mtaalamu, kikajaa, kikapwaya, kikasoma 156 kwa 98. Bi Mkubwa akaomba kukiona. Alikishika mbali na uso, namna ya watu walioacha miwani chumbani, akazisoma namba kwa sauti. Kisha akakisogeza kibakuli cha chumvi upande wa shemeji, akanikazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akaniuliza kama napata choo vizuri.